Mpira umelala chini, lakini ni trai? Namna ya kuamua bila refa wa video

Simama kando ya uwanja wowote wa raga, Ngong Road jijini Nairobi au Kyadondo kule Kampala, na kila mpira unapolazwa nyuma ya mstari utasikia makelele mawili: "Hakuwa na kontroo!" na "Hakuukandamiza!" Neno la kwanza halimo kabisa katika sheria ya kufunga trai. La pili limo, ila kwa nusu ya visa tu. Trai halali hukataliwa kwa ajili ya maneno hayo, na wanaozikataa ni watu wanaoipenda raga kwa dhati lakini waliojifunza sheria kwa watangazaji.

Mwongozo huu ni wa refa wa mechi za klabu na shule, yule asiye na kamera wala skrini, mwenye filimbi, macho na pengine washika vibendera wawili waliotolewa kwenye timu zenyewe. Kocha na kapteni nao watafaidika, maana mchezaji anayejua sheria inataka nini hasa hupata alama ambazo mwenzake anaziacha. Trai, au mguso kama magazeti yanavyoiita, ni kuulaza mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, nayo ina thamani ya alama 5 tangu mwaka 1992. Kabla ya hapo, kuanzia 1971, ilikuwa alama 4.

Anza na chokaa

Fika mapema ukague mistari, kwa kuwa chokaa ile ile ina maana mbili tofauti kulingana na mahali ilipo. Mstari wa trai, ule ambao milingoti imesimama juu yake, ni sehemu ya eneo la trai lililo nyuma yake. Mpira ukigusa hata ukingo wa nje wa chokaa hiyo, umefika. Mistari ya pembeni na mstari wa mwisho nyuma ya milingoti ni kinyume chake: kuigusa ni kuwa nje. Kwenye kona, basi, mistari miwili yenye maana zinazopingana inakutana, na hapo ndipo ugomvi mwingi huzaliwa. Ikiwa mvua imefuta chokaa, omba angalau mstari wote wa trai na mita tano za mwisho za kila pembeni zichorwe upya. Usikubali mstari wa kukisia. Utaamua vipi kuhusu sentimita mbili kwenye mstari wenye upana usiojulikana?

Kisha nenda kwenye milingoti. Hadi mwaka 2020, mchezaji aliyegusisha mpira kwenye shina la mlingoti, au kwenye godoro linaloukinga, alihesabiwa kuwa amefunga. Sheria hiyo ilifutwa, na ilistahili kufutwa. Godoro linaruhusiwa kujitokeza hadi milimita 300 kutoka mstari wa trai kuingia uwanjani, kwa hiyo mshambulizi alikuwa na shabaha iliyo mbele ya mstari ambayo mlinzi hakuweza kuilinda kihalali. Walinzi wengine walifikia hatua ya kuinua godoro au kulisogeza. Siku hizi mpira lazima ufike ardhini, juu ya mstari au nyuma yake. Wakumbushe makapteni wote wawili kabla ya mechi, kwa sababu mchezaji aliyejifunza raga zamani bado mwili wake unalikimbilia godoro.

Vibendera vya kona navyo vina historia ya namna hiyo. Zamani mchezaji mwenye mpira akikigusa kijiti cha kona alihesabiwa ametoka. Sasa kukigusa tu si kosa, mchezo unaendelea. Kijiti kinakuwa tatizo pale tu mpira wenyewe unapolazwa ukiwa umekigusa. Ukimwona shabiki mzee akipandisha mkono kwa sababu kibendera kimeanguka, mwache, lakini wewe tazama mguu na mpira.

Swali la kwanza: mpira ulikuwa mkononi au ulikuwa huru?

Hili ndilo swali la kujiuliza kabla ya mengine yote, na jibu lake linabadilisha unachokitafuta.

Kama mchezaji ameushika mpira, kwa mkono mmoja au miwili, au ameukumbatia kwa mikono, kinachohitajika ni mpira kugusa ardhi. Basi. Hakuna kukandamiza, hakuna kuutuliza, hakuna kuhesabu sekunde. Mchezaji anayepaa kwenye kona na kugusisha ncha ya mpira kwenye nyasi huku vidole vyake vimeuzunguka amefunga, hata kama mpira unamtoka mara tu baada ya hapo.

Kama mpira uko chini na haujashikwa na mtu, hapo ndipo kukandamiza kunapoingia. Mchezaji lazima aubonyeze kutoka juu kwa mkono, kiganja au kidole, au kwa sehemu ya mbele ya mwili kuanzia kiunoni hadi shingoni. Paja halimo. Goti halimo. Mgongo, kichwa na mguu havimo. Mchezaji akijitupa juu ya mpira na ukatua chini ya kifua chake, ni trai hata kama mikono yake iko hewani. Ukipita chini ya mapaja tu, bado ni mpira huru, na yeyote aweza kuudaka.

Tazama pia mchezaji anayeupiga kofi mpira unaodunda ili uelekee chini. Huko si kuubonyeza. Mpira ulikuwa hewani alipougusa, na kama umeenda mbele, ameuangusha mbele, ambalo ni kosa. Kukandamiza kunataka mkono na ardhi viubane mpira kwa wakati mmoja.

Mfano ambao kila refa angefaa kuujua ni wa Twickenham, tarehe 10 Februari 2018, Uingereza ikicheza na Wales. Mpira uliopigwa ulivuka mstari, Gareth Anscombe wa Wales akaukimbilia na mkono wake ukaufikia juu. Refa wa video hakuridhika kwamba umebonyezwa, trai ikakataliwa, na Wales ikafungwa 12 kwa 6. Baadaye kocha wao, Warren Gatland, alisema World Rugby, shirika linalosimamia raga duniani, iliwathibitishia kwamba ile ilikuwa trai. Mpira ulikuwa huru, kwa hiyo swali la kukandamiza lilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kudai mkandamizo mkubwa kuliko unaotajwa na sheria. Sheria haisemi ni wa kilo ngapi.

Kati ya mpira ulioshikwa na mpira ulio huru kuna ukanda wenye utata, nao ni mpira unaoteleza. Mchezaji anashuka, mpira unaanza kumtoka, vidole viwili bado viko juu yake unapofika chini. Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Kwanza, je, mkono uliachana na mpira kabla haujafika chini? Kama haukuachana, toa trai. Pili, kama uliachana, mpira ulielekea wapi? Ukienda nyuma, mchezo unaendelea na anaweza kuubonyeza upya. Tatu, kama ulienda mbele, je, aliudaka tena kabla haujagusa ardhi au mchezaji mwingine? Kama hakuudaka, ameuangusha mbele, na kuulalia baada ya hapo hakumsaidii kitu.

Katika hatua ya kwanza ndipo sheria ingefaa kusema wazi zaidi. Inataja kuushika mpira bila kueleza kushika kunaishia wapi. Watu wengi wamelijaza pengo hilo kwa neno "kontroo", na kila mtu ana kontroo yake. Kipimo cha mkono kutoachana na mpira ni bora, kwa kuwa ni kitu kinachoonekana kwa jicho. Kitangaze kwenye kikao cha kabla ya mechi, kisha ukitumie kwa pande zote mbili kuanzia dakika ya kwanza hadi ya mwisho.

Nani alikuwa wa kwanza?

Mshambulizi lazima awe wa kwanza kuulaza. Mkono wa mlinzi ukitangulia hata kwa kitambo kidogo, trai imekufa. Ikiwa wote wawili wamefika na kweli hukuweza kutambua nani alitangulia, sheria haikulazimishi kubahatisha: ni skramu (timu mbili zinashikana na kusukumana kuugombea mpira) mita tano kutoka mstari, mkabala na mahali mpira ulipolazwa, na washambulizi ndio wanaoingiza mpira.

Usichanganye shaka hiyo na mpira ulioinuliwa, yaani mshambulizi amevuka mstari na mpira lakini mlinzi ameuzuia usifike chini. Zamani kisa hicho nacho kiliishia kwa skramu ya washambulizi, hivyo refa aliyekosea aliwapa nafasi nyingine. Tangu majaribio yaliyoanza Agosti 2021, ambayo sasa ni sheria kamili, walinzi ndio wanaopata mpira: wanaanzisha kwa teke la kudondosha, yaani mpira unadondoshwa na kupigwa unapodunda, kutoka mahali popote kwenye mstari wao wa trai, wapinzani wakiwa mita tano mbele, na mpira lazima uende angalau mita tano. Hukumu hiyo sasa ni ghali. Timu iliyosukuma awamu kumi na tano kufika pale inapoteza mpira wote, kwa hiyo refa anadaiwa umakini zaidi kuliko miaka ya nyuma.

Umakini huo unapatikana hivi. Usipulize filimbi mapema. Lundo la watu likianguka nyuma ya mstari, zunguka haraka upande wa mstari wa mwisho, inama hadi macho yako yawe chini ya usawa wa viuno vyao, na utafute mpira, si nyuso. Uliza: chini ya mpira kuna nini? Kama kuna mkono, mguu au kiatu, mpira haujafika, lakini kitu hicho kinaweza kusogea, kwa hiyo endelea kutazama. Uamuzi ufanyike wakati mwendo umekwisha.

Hili liliumiza Uskoti tarehe 10 Februari 2024 pale Murrayfield, dhidi ya Ufaransa. Mwishoni mwa mechi Sam Skinner wa Uskoti alivuka mstari akiwa na mpira. Refa Nic Berry aliamua uwanjani kwamba haujafika chini, kisha akaomba picha. Picha zilionyesha mpira juu ya kiatu, halafu ukionekana kuteremka, lakini refa wa video hakupata uthibitisho wa kutosha kuubatilisha uamuzi wa awali. Ufaransa ikashinda 20 kwa 16. Wewe huna picha, na hiyo ina maana kwamba uamuzi wako wa uwanjani ndio wa kwanza na wa mwisho. Uutoe kwa ulichokiona. Usiutoe kwa kupima nani amefurahi na nani ameinamisha kichwa.

Mchezaji aliyeangushwa karibu na mstari

Hapa maneno ya sheria yanalegea kwa makusudi. Mchezaji aliyeshikwa na kushushwa chini kabla ya mstari anaweza kufunga kwa njia mbili. Ya kwanza ni kasi yake mwenyewe: anateleza juu ya nyasi kwa mwendo mmoja usiokatika hadi ndani, kisha mpira unagusa. Ya pili ni kunyoosha mkono: ameangukia karibu na mstari, na mara hiyo hiyo ananyoosha na kuulaza mpira juu ya mstari au nyuma yake.

"Mara hiyo hiyo" ni muda gani? Kuna wanaotaka itajwe kwa sekunde. Mimi naona ingeharibu mambo, kwa maana refa hatazami saa wakati huo, na mchezaji aliyebanwa mkono hana muda sawa na aliye huru. Kipimo kinachofaa ni idadi ya vitendo. Tendo moja la kunyoosha linaruhusiwa. Akianguka, akatulia, kisha akajikokota kwa viwiko, au akajiinua kwa magoti na kujirusha, hilo ni tendo la pili, na ni penalti dhidi yake kwa kutouachia mpira. Hakikisha kwanza kwamba alikuwa ameshikwa. Aliyeteleza mwenyewe kwenye matope bila mtu kumshika hajaangushwa kisheria, na ana haki ya kuinuka na kuendelea.

Mlinzi naye ana haki zake: anaruhusiwa kuupokonya mpira kwa mikono wakati mshambulizi ananyoosha. Haruhusiwi kuupiga teke. Teke hilo likimnyima mtu trai, hesabu ya trai ya penalti inaanza.

Kwenye kona: ardhi ndiyo inayohesabiwa, si hewa

Mwili unaweza kuwa wote nje ya uwanja, mradi uko hewani. Kinachomtoa mchezaji mwenye mpira ni sehemu yoyote ya mwili wake kugusa mstari wa pembeni au ardhi iliyo nje yake kabla mpira haujalazwa. Vikitokea kwa pamoja, si trai.

Ndiyo iliyomkuta Mark Cueto wa Uingereza kwenye fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2007 huko Stade de France. Danie Rossouw wa Afrika Kusini alimkaba akiruka kwenye kona ya kushoto, mguu wake wa kushoto ukaparuza chokaa kabla mpira haujatua. Refa wa video Stuart Dickinson akaikataa, na Afrika Kusini ikaishinda Uingereza 15 kwa 6. Mlinzi anayejua kazi yake kwenye kona hamkabi mtu ili kumwangusha. Humsukuma miguu kuelekea pembeni, kwa sababu mguu ukigusa kwanza, mpira hauna tena maana.

Kuna kisa kimoja kinachowashangaza hata makocha. Mchezaji asiye na mpira aweza kuwa amesimama nje kabisa, akanyoosha mkono na kuubonyeza mpira ulio huru ndani ya eneo la trai. Hiyo ni trai. Kwa kuwa hakuushika mpira, kuwa kwake nje hakuutoi mpira nje. Wafundishe mawinga wako jambo hili. Winga aliyetolewa nje akifukuzia teke asijisalimishe.

Raki na skramu zinapofika mstarini

Raki, lile gombanio la waliosimama juu ya mpira ulio chini, huisha mpira unapofika kwenye mstari wa trai au kuuvuka. Mara hiyo hakuna tena mstari wa kuotea. Mlinzi aliyesimama kihalali nyuma aweza kuzunguka na kuulalia mpira, na mshambulizi vivyo hivyo. Marefa wengi wachanga humwadhibu mlinzi huyo kwa mazoea. Skramu nayo iko hivyo: mpira uliomo ndani yake ukifika kwenye mstari, namba nane, mchezaji wa nyuma kabisa kwenye skramu, aweza kuubonyeza pale pale miguuni pake, na mlinzi akiufikia kwanza ni halali yake. Jicho lako lisikae kwenye mabega wakati huo. Literemshe kwenye mpira na chokaa.

Trai ya penalti

Ukiona mchezo mchafu umezuia trai ambayo ingeelekea kufungwa, toa trai katikati ya milingoti. Tangu 2017 ni alama 7 moja kwa moja bila mkwaju wa nyongeza, lile teke la alama 2 linalofuata trai ya kawaida, na mkosaji lazima apewe kadi, ya manjano au nyekundu. Sheria haitaki uhakika, inataka uwezekano mkubwa. Namna ya kuupima ni kumfuta mkosaji kwenye picha akilini: bila yeye, nani mwingine angemfikia mwenye mpira? Kama hayupo, nenda kati ya milingoti uinue mkono. Kama yupo mlinzi mwingine aliyekuwa na nafasi nzuri, ni penalti ya kawaida pamoja na kadi inayostahili.

Mahali pa kusimama

Yote haya hayana faida ukiwa mita ishirini nyuma. Tarehe 16 Desemba 1905 pale Cardiff, New Zealand ilifungwa na Wales 3 kwa 0, na mchezaji wa New Zealand, Bob Deans, alishikilia kwamba aliulaza mpira ng'ambo ya mstari kisha akavutwa kurudi nyuma. Refa John Dallas alifika akaukuta mpira mbele ya mstari, akatoa skramu. Zaidi ya miaka mia imepita na hakuna anayeweza kumjibu Deans, kwa sababu mwenye kuamua hakuwapo mpira ulipotua.

Timu ikishambulia ndani ya mita tano, usifuate mpira, utangulie. Simama kwenye mstari wa trai wenyewe au hatua mbili nyuma yake, upande ulio wazi zaidi, ukitazama kando ya chokaa. Mshika kibendera wa upande wa karibu awe kwenye kona, nje ya uwanja, macho yake yakiwa kwenye mstari wa pembeni. Kubaliana naye mapema nani anatazama nini: yeye miguu, wewe mpira. Mkitazama wote mpira, mguu hautakuwa na shahidi.

Ukiridhika, puliza kwa nguvu na uinue mkono wima, mgongo wako ukielekea mstari wa mwisho. Kabla ya kusogea, weka kisigino pale pale mpira ulipolazwa, kwa kuwa mkwaju wa nyongeza hupigwa mkabala na mahali hapo, na hatua tatu za kukosea karibu na kona zinaweza kumnyima mpigaji alama 2. Katika raga ya wachezaji saba fanya haraka zaidi: mkwaju huo ni wa kudondosha, na mpigaji ana sekunde 30 tu tangu trai ilipofungwa.